Nilimfundisha Shemeji Mwanga, Nikamficha Giza

Nina miaka arobaini na moja, ni mjane, sikujaliwa mtoto, na ninaishi Johannesburg tangu mwaka 2015. Ninayaandika haya hasira ikiwa bado haijanitoka... Someni kwanza mpaka mwisho, ndugu zangu, halafu mnihukumu.

Kwetu ni Tanga, lakini ujana wangu uliishia Arusha, kwenye shamba la maua yanayopelekwa Ulaya. Huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo wengi hawalijui: kuna maua ambayo hayajali mwanga mnaoyapa, yanajali giza. Usiku ukiwa mfupi yanaota majani tu. Usiku ukirefuka, yanachanua. Sisi vibarua tulikuwa tukiyadanganya. Tukitaka yasubiri, tunawasha balbu usiku. Tukitaka yachanue, tunayafunika kwa plastiki nyeusi. Tundu moja tu kwenye plastiki ile, msimamizi anafoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka!

Marehemu mume wangu, Hamadi, alikuwa fundi umeme. Tulipofika huku alikuwa akifunga nyaya kwenye maghorofa ya mtaa wa Hillbrow, nami nikiuza vitenge. Siku moja aliitwa kutengeneza umeme kwa mtu aliyekuwa akilima bangi ndani ya chumba. Akarudi anacheka.

"Mke wangu, yule bwana ana taa za kila namna, lakini maua yake yamejaa mbegu kama ufuta, na ua lenye mbegu hakuna anayelinunua. Analaumu mbolea."

Nikamuuliza swali moja tu. Taa kubwa zikizimwa, kuna mwanga wowote unaobaki? Hamadi akafikiri. Akasema kulikuwa na kitaa chekundu kwenye soketi, na mstari wa mwanga chini ya mlango. Kesho yake alirudi akaziba vyote viwili. Mavuno yaliyofuata ya yule bwana hayakuwa na mbegu hata moja... Na hapo ndipo maisha yetu yalipogeuka.

Najua baadhi yenu mmeshaguna. Bangi! Mwanamke wa Tanga, mwenye kuswali! Sitajitetea. Miaka ya mwanzo tuliishi kwa kujificha, na kwetu Tanzania mpaka leo ukikamatwa nayo ni jela. Sikuwahi kuivuta. Lakini mwaka 2018 mahakama ya huku ilimruhusu mtu mzima kulima kwake, faraghani, kwa matumizi yake. Wenye vyumba vya siri wakaanza kutafuta mwalimu. Mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Na mimi, jamani, napenda kufundisha! Nilikuwa nikimshika mtu mkono mpaka aelewe. Weka kiganja chako chini ya taa, juu ya ncha ya mche. Kama wewe unaungua, na yeye anaungua. Ukiona jani limejikunja kingo zake kwenda juu kama mtumbwi, taa iko karibu mno, ipandishe. Usiuache mche ukue kama mnara. Ulaze matawi yake chini ya wavu, kila ncha ipate haki yake ya mwanga. Mtu akikosea nilimwambia, pole, hata mimi nilikosea, tuanze tena.

Tulikodi chumba cha uani kule mtaa wa Bertrams, cha bati, tukakigawa mara mbili. Upande mmoja chumba cha majani, upande wa pili chumba cha maua. Na katika chumba cha majani aliishi Mama.

Ngoja niwaeleze taratibu, kwa sababu mkasa wote uko hapa. Katika kilimo hiki, ukipata mche bora, huupandi kwa mbegu. Unauweka chini ya mwanga mrefu usichanue kamwe, unakata vitawi vyake, unavipandikiza, na kila kitawi kinakuwa yeye yule yule. Mche huo tunauita mama. Mama yetu tulimchagua sisi wenyewe, mimi na Hamadi, kutoka kwenye mbegu za mzee mmoja wa Transkei, upande wa mashariki wa nchi hii. Misimu na misimu tulipanda, tukanusa, tukang'oa... mpaka akabaki yeye peke yake. Shina lake lilikuwa na michirizi ya zambarau, ncha za majani yake zilipinda upande mmoja kama kilemba kilichofungwa vibaya, na harufu yake ilikuwa ya maganda ya ndimu na pilipili manga. Hakukuwa na mwingine Johannesburg nzima. Watu waliniita kwa sababu yake. Na kwa kuwa maua yetu hayakuwa na mbegu, hakuna aliyeweza kumwiba kutoka kwenye ua.

Sasa nije kwa Seif.

Seif ni mdogo wake Hamadi, kitinda mimba wao. Tulimleta kutoka Tanga, tukamlaza sebuleni kwetu Hillbrow, nikampikia, nikamfulia. Alikuwa na maneno matamu huyo! "Shemeji, wewe ndiye mama yangu wa pili." Nami nikaamini...

Muda mfupi baada ya uamuzi ule wa mahakama, Hamadi alipigwa na umeme akiwa kazini, juu ya ngazi. Walimshusha akiwa ameshakata roho. Fundi umeme kuuawa na umeme! Tulimzika hapa hapa, nikaingia eda.

Kwa msomaji asiyejua: mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani bila dharura, hajipambi, hajipaki manukato, hakai na wanaume wanaoweza kumuoa. Na shemeji ni mmoja wao. Wamama wa msikitini walinikalisha chumbani, wakamtafutia Seif pa kulala kwingine, wakanitundikia pazia mlangoni. Mimi Hillbrow, Mama yuko Bertrams. Ni nani angemwagilia?

Nikampa Seif funguo.

Kila Ijumaa baada ya swala alikuja, akaketi upande wa pili wa pazia, nami nikamfundisha. Nilifundisha huku nalia, lakini nilifundisha. Jinsi ya kukata vitawi, jinsi ya kulaza matawi, jinsi ya kunyanyua feni ili upepo upite chini ya wavu. Ulipofika wakati wa kuhamishia miche chumba cha maua, nilimpa sharti moja. Mchana asifungue mlango kabisa. Aingie jioni, taa zikishawaka zenyewe.

Sharti hilo lilikuwa na sababu. Kiangazi cha huku, chini ya bati, ukiwasha taa zile mchana unapika miche. Kwa hiyo Hamadi alitegesha saa ya taa kinyume: usiku wa binadamu ulikuwa mchana wa mimea, na mchana wetu ndio ulikuwa usiku wao. Saa sita adhuhuri, mimea ile ilikuwa katikati ya usingizi. Sababu hii sikumweleza Seif. Kichwa changu kilikuwa kimejaa msiba, nikasema nitamweleza Ijumaa ijayo.

Ijumaa ijayo haikufika kama nilivyopanga.

Nina jirani, Mama Deborah, msusi wa nywele kutoka Bukavu. Siku hiyo aliingia kwangu bila kubisha, bado ana kichanuo mkononi.

"Dada, Mungu wangu! Nimetoka Bertrams kusuka mteja, nikapita kule kwenu nisalimie. Ule shemeki yako iko na wazungu na bavijana ba Soweto, iko anabaonyesha chumba! Anasema eti ule muti aliutafuta yeye mwenyewe, miaka mingi!"

Nikamwambia labda amesikia vibaya.

"Nimesikia na masikio yangu mbili! Nikamuuliza mbele yao: na dada? Akasema ulisharudia kwenu Tanga, eti hautarudi tena! Miye ninakuona kila siku hapa! Nilitaka kumupiga na hiki kichanuo!"

Akaendelea. Kitasa cha mlango kilikuwa kipya. Mwenye nyumba alikuwa ameshaandikishana upya na Seif. Na wale wageni walikuwa wenye nyumba za kaskazini ya jiji waliotaka mtu mmoja wa kuwasimamia vyumba vyao vyote vya bangi... kazi ambayo Hamadi aliihangaikia mpaka wiki aliyokufa!

Ndugu msomaji, je, umewahi kuzikwa ukiwa hai? Mimi nilizikwa. Mume chini ya udongo, mimi nyuma ya pazia, na mtu niliyemfulia mashati anauza jina langu.

Nikamuuliza Mama Deborah, wageni walikuwapo saa ngapi?

"Saa sita, dada. Jua kali. Alifungua mulango, akawasha balbu."

Saa sita. Akawasha balbu. Moyo kwanza uliniuma kwa ajili ya miche ile, kama mtu aliyesikia watoto wameamshwa kwa kofi. Halafu maumivu yakageuka kitu kingine. Kwa mara ya kwanza tangu nimzike Hamadi, nilitabasamu.

Ijumaa akaja, na mkate wa kumimina mkononi, sauti ya asali.

"Shemeji, hujambo? Umekula?"

"Nimekula, baba. Miche yangu haijambo?"

"Inakutamani, shemeji." Mwongo mkubwa! Akakohoa kidogo. "Nilikuwa nauliza... lile sharti lako la mchana. Ni lazima? Maana jioni nachoka, mchana ndio napata nafasi."

Ningeweza kumtukana. Ningeweza kulipasua pazia lile nikamshika ukosi. Badala yake nilimjibu kwa sauti ile ile niliyowafundishia watu wote, ya upole.

"Aa, Seif! Lile lilikuwa jambo la marehemu kaka yako. Alikuwa akiogopa majirani na polisi. Sasa mahakama imeruhusu, unaogopa nini? Fungua baba, washa taa, angalia wadudu vizuri. Mche unapenda kutembelewa."

"Kweli, shemeji?"

"Mimi nitakudanganya?"

Nikamsikia akimshukuru Mungu kwa kupata shemeji kama mimi.

Mche wa bangi, ukishaanza kuchanua, ukimkatisha usiku wake mara kwa mara, anachanganyikiwa. Hajui kama ni kiangazi au ni kipupwe. Anaogopa kufa bila kizazi. Basi mche jike anatoa viungo vya kiume katikati ya maua yake, vidogo, vya njano, vimepinda kama ndizi. Vikipasuka, vumbi lake linaruka chumba kizima, na kila ua linabeba mimba. Mwenye kujua akiona hata kimoja, anatokwa na jasho.

Seif aliviona. Ijumaa moja alinieleza kwa furaha.

"Shemeji, kuna vitu vya njano vimetokea, kama vindizi!"

"Vingi?"

"Kila mahali!"

"Mashallah," nikasema. "Hiyo ni neema. Usiviguse."

Nilifunika mdomo kwa khanga nisicheke. Je, nilijisikia vibaya? Hapana! Kila jioni nilimwombea Hamadi, na kila jioni nilikumbuka vile vindizi nikalala vizuri. Sitawadanganya wasomaji wangu.

Eda ikaisha. Wamama walikuja kunitoa. Wakaniosha, wakanifukiza udi, Mama Deborah akanisuka. Wakaniuliza nataka kwenda wapi kwanza, kaburini au sokoni? Nikasema, Bertrams. Nilikuwa na habari kwamba siku hiyo Seif amewaita wageni wake waje kuyaona mavuno yaliyokauka.

Niliwakuta uani, wameketi kuzunguka meza, vinywaji mbele yao. Seif amevaa kofia ya Hamadi. Kofia ya marehemu, jamani! Aliponiona, akaweka kikombe chini.

"Shemeji... wewe..."

"Nimerudi kutoka Tanga," nikasema. "Safari ilikuwa fupi."

Bwana mmoja mwenye upara, ambaye niliwahi kumfundisha chumba chake, akasimama. "Mama! Huyu alituambia umerudi kwenu moja kwa moja."

"Nilikuwa eda, Hillbrow. Huyu ndiye aliyekuwa akiniletea mkate." Nikavuta kiti. "Tusigombane. Tutazame mavuno ya bwana mkubwa."

Nikachukua ua moja kwenye sinia, kubwa, lenye harufu yangu ile ya ndimu na pilipili manga. Kwa nje lilipendeza. Nikalivunja juu ya meza. Mbegu zikamwagika, tap tap tap, zikaviringika mpaka kwenye vinywaji vyao. Nikavunja la pili. La tatu. Meza ikawa kama uwanja wa kuku.

Kijana mmoja wa Soweto akapiga makofi. "Eish, bra! Hiki si chakula cha ndege ulichotuitia?"

Walicheka! Walicheka mpaka yule mwenye upara akafuta machozi. Seif akanigeukia, macho mekundu.

"Wewe ndiye uliyenifundisha! Wewe uliniambia nifungue mchana! Uliniambia ni neema!"

"Kumbe nilikufundisha mimi," nikasema mbele ya wote. "Si uliwaambia mche uliutafuta mwenyewe?"

Akavua ile kofia, akaiweka mezani kati ya mbegu, akatoka. Ndugu zangu, ile dakika ilikuwa tamu kuliko asali ya nyuki wadogo. Nasema kweli mbele ya Mungu.

Nikachukua kofia ya mume wangu, nikafungua chumba cha majani kumchukua Mama.

Chumba kilikuwa kitupu.

Nilitafuta nyuma ya feni, chini ya meza, kama anayetafuta mtoto. Baadaye nilijua. Seif alitaka mavuno makubwa ya kuwashangaza wageni, basi alimhamishia Mama na vitawi vyake vyote kwenye chumba cha maua. Vyote! Akawa ameshamkata, ameshamkausha. Mama alikuwa pale mezani, ndani ya sinia. Nilikuwa nimemvunja kwa vidole vyangu mwenyewe, mbele ya watu, huku nacheka...

Nilikaa sakafuni. Nilimlilia kuliko nilivyoweza kumlilia Hamadi.

Nilipotoka uani, wageni walikuwa wakiondoka. Meza ilikuwa safi. Mbegu hazipo! Yule kijana wa Soweto alikuwa na ngumi iliyofumbatwa, na mwenye upara alikuwa akifunga kifungo cha mfuko wa shati. Nilielewa, lakini nimwambie nani aache? Na Seif, kwa hasira, alirudi usiku akayachukua magunia ya maua yaliyobaki akayagawa hovyo: kwa madereva wa teksi, kwa walinzi wa maghorofa, kwa wenye spaza, vile viduka vya mtaani, mpaka kitongoji cha Diepsloot.

Wao hawakuzicheka mbegu. Walizipanda.

Mimi pia niliokota chache zilizoanguka chini ya meza, nikazipanda. Zikaota watoto, lakini mtoto si mama. Mmoja alichukua michirizi, mwingine harufu, mwingine hakuchukua chochote. Sikumpata tena. Nilipompigia yule mwenye upara kuuliza ile kazi, alinijibu kwa adabu kwamba wameshapata mtu, na kwamba kwa bahati nzuri mbegu wanazo.

Mwishoni mwa mwaka 2019 nilikwenda Diepsloot kuuza vitenge. Nimerudi kwenye vitenge, ndiyo. Nikapita nyuma ya spaza moja, harufu ikanishika shingo. Kwenye ndoo ya rangi, mche umesimama. Shina lina michirizi ya zambarau. Ncha za majani zimepinda upande mmoja.

Mwenye duka alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa Dar. Akaona nautazama, akajaa fahari.

"Umeipenda, mama? Hii ndiyo habari ya mjini. Inaitwa Seif."

"Inaitwaje?"

"Seif! Kuna jamaa wa Tanga aliitengeneza, fundi kweli kweli. Alidhulumiwa na mwanamke fulani wa kwao, basi akagawa mbegu bure kwa watu. Mwenyewe yuko Durban siku hizi."

Msomaji, unaelewa? Nilitaka kumfilisi mtu mmoja. Nikamwaga kizazi changu jiji zima, na jiji likampa yeye jina! Miaka yangu na Hamadi inaitwa Seif. Na mwanamke mbaya katika hadithi ni mimi.

Juu ya ndoo ile, ukutani, palikuwa na balbu ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Nilijua itakachoufanyia mche ule siku zikianza kufupika. Niondoke, nimwache mwenye duka avune mbegu kama alivyovuna Seif mwenyewe? Ulimi ulikuwa mzito, lakini kunyamaza nilishanyamaza, na mmeona kilichoniletea.

"Baba," nikamwambia, "ikifika mwezi wa pili, hamishia ndoo yako upande wa giza. Mche huu ukipigwa taa usiku, utakuzalia mbegu."

"Nani amekuambia?"

"Mimi ndiye mwanamke fulani wa Tanga."

Alicheka, akadhani natania.

Sijamsamehe Seif. Nikimwona leo nitamtemea mate, na hilo nitalijibu mbele ya Mola. Lakini nakusihi wewe unayesoma haya, hasa dada uliye ndani ya msiba. Usikabidhi funguo za riziki yako kwa mtu kwa sababu tu analia na wewe. Mpe mtu wa pili amchunge. Na ukigundua unaibiwa, piga kelele siku hiyo hiyo! Mimi nilikuwa na Mama Deborah na kichanuo chake, nilikuwa na wamama wa msikitini, wangekwenda Bertrams jioni ile ile wakamtoa Mama akiwa hai. Sikuwatuma. Nilitaka kuonja utamu wa kumwona akianguka polepole, nikaketi nyuma ya pazia nikihesabu vindizi vyake... kumbe kila kimoja kilikuwa kikimzika Mama yangu.

Komboa chako kwanza, dada yangu. Adui utamkuta tu.